Choo na bafu vya ndani ya trela dogo: tuvitumie, au tutegemee vya kambini?

Mwanatanga (Minnesota)

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nawaamkia wakubwa na nawasalimu wote.

Tunakusudia kununua trela dogo la kusafiria lililokwisha kutumika, la urefu wa futi 16 au 17. Gari letu haliwezi kuvuta zaidi ya pauni 3,500, yaani karibu kilo 1,590, kwa hiyo matrela makubwa yenye vyumba hatuna haja ya kuyatazama. Katika tuliyoyakagua yamebaki mawili. La kwanza lina kijichumba kimoja pembeni ambamo choo na bafu vimo pamoja: mtu anaoga akiwa amesimama mbele ya choo kile kile, na maji yote yanashukia kwenye tundu moja la sakafuni. La pili halina choo wala bafu, na mahali pake pana kiti kirefu kinachogeuka kitanda cha watoto, pamoja na kabati la nguo.

Mke wangu analipenda hilo la pili, na hoja yake ni nzito. Anasema kambi za hifadhi za jimbo letu zina vyoo vya kuvuta maji na mabafu yenye maji moto, na tunavilipia tukilipa kiwanja cha kuegesha trela. Basi kuna faida gani ya kubeba choo chetu, kukipunguzia nafasi kitanda cha watoto, kisha kuwa na kazi ya kumwaga uchafu tunapoondoka? Mimi naelekea la kwanza kwa sababu ya mama yangu, ambaye sasa anaishi nasi; pamoja naye tuko watano. Umri wake umepita miaka 70, magoti yake hayana nguvu, na usiku huamka zaidi ya mara moja kwenda msalani. Sipendi kumwona akivaa koti na viatu usiku wa manane na kutembea juu ya kokoto na mizizi ya misonobari hadi kwenye jengo la vyoo.

Liko pia jambo ambalo katika maelezo ya Wamarekani silikuti likizungumzwa. Sisi tunachamba kwa maji. Kwenye vyoo vya kambini hakuna koki ndani ya kijichumba, na kwenye choo cha trela sijui kama maji hayo ya ziada yana madhara kwa tangi.

Tutaanzia karibu, hifadhi ya jimbo ya Itasca, na majira ya joto ya mwaka ujao tunataka kufika hifadhi ya taifa ya Yellowstone. Naomba wenye uzoefu waniambie: choo na bafu vya ndani hutumika kweli, au baada ya muda hugeuka stoo? Na kama mnavitumia, ni kwa shughuli gani, na ni shughuli gani mnaziachia jengo la kambi?

Mama wa Columbus (Ohio)

Wa alaykum salaam, kaka Mwanatanga. Trela letu ni la futi 16 na lina kijichumba cha namna hiyo hiyo. Sisi ni watatu. Choo chake tunakitumia kila tunaposafiri, lakini bafu lake tunalitumia kwa nadra sana, na nadhani ufumbuzi wa swali lako umo katika kuvitenganisha vitu hivyo viwili, kwa sababu ingawa vimejengwa chumba kimoja, kwa upande wa maji vimeachana mbali mno.

Trela la kadiri hiyo huwa na matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Kwetu la maji safi linachukua lita 76, la maji ya kuogea lita 95, na la choo lita 45. Sasa tazama bafu linavyokula. Sheria ya Marekani inaruhusu bomba la mvua la nyumbani litoe hadi galoni 2.5 kwa dakika, yaani karibu lita 9.5. Mtu akioga kwa dakika kumi kama alivyozoea nyumbani, atahitaji lita 95, ambazo hata tangi letu la maji safi halina. Hita nayo, katika matrela mengi madogo, ni ya galoni 6, kiasi cha lita 23, kwa hiyo maji ya moto yataisha kabla hajamaliza kusuuza nywele. Mabaharia wana namna yao ya kuoga: unajilowesha, unafunga koki, unajisugua sabuni, kisha unafungua tena kwa muda mfupi kujisuuza. Kwa njia hiyo mtu hutumia lita kumi hivi. Inawezekana, lakini mtoto wa miaka sita humfundishi kwa siku moja.

Choo cha trela ni kinyume chake. Hakina tangi la maji mgongoni. Unakanyaga pedali, kifuniko cha chini kinafunguka, uchafu unashuka moja kwa moja kwenye tangi lililo chini ya sakafu, na maji yanayotumika mara nyingi hayazidi lita moja. Choo cha nyumbani hutumia hadi lita 6 kwa kila mvuto. Kwa hiyo kuoga mara moja kwa uzembe kunaweza kukumalizia maji ambayo yangekutosha chooni kwa safari nzima.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakuonyesha dukani. Ukioga ndani ya kile kijichumba, kila kitu kinalowa: kiti cha choo, kioo, mlango kwa ndani, na karatasi ya chooni kama hukuitoa mapema. Ukimaliza unachukua mpira wa kufutia maji, unaanza dari, unashuka ukutani, unafuta kiti, kisha sakafu, halafu unafungua tundu la hewa la juu na kuliacha wazi. Usipofanya hivyo, katika chumba kidogo kisicho na jua, ukungu huanza kwenye silikoni ya pembeni haraka sana, na mtu anayeingia baada yako kwa haja ndogo anatoka na soksi zilizolowa. Hii ndiyo sababu hasa ya wengi kuoga kambini hata pale maji yanapokuwa tele.

Kuhusu usiku nakuunga mkono kabisa. Saa nane za usiku, mvua inanyesha, mtoto analia kwamba amebanwa, choo kilicho hatua mbili kutoka kitandani kina thamani kuliko kabati lolote. Na kwa kuwa umetaja Yellowstone, ujue kwamba huko kuna dubu aina ya grizzly. Katika kambi ya Fishing Bridge hawaruhusu mahema wala matrela yenye kuta za turubai, kwa sababu ya dubu hao. Mimi binafsi katika nchi ya namna hiyo simpeleki mtoto nje usiku bila ya ulazima.

Mpanda Milima (Colorado)

Kwa heshima zote ninatofautiana na dada yangu wa Columbus, ingawa hesabu zake ni sahihi.

Trela letu halina choo cha kujengwa wala bafu, na tulilichagua hivyo kwa makusudi. Katika trela la futi 16 kila futi ya sakafu inagombewa. Kile kijichumba hukaa bure karibu saa zote za mchana, na hakiwezi kufanya kazi nyingine yoyote, wakati kiti kinachogeuka kitanda hufanya kazi mchana na usiku. Uzito nao si jambo dogo kwa gari la pauni 3,500: lita 45 za choo na lita 95 za maji ya kuogea, vikijaa, ni kilo 140 unazozivuta kuelekea kituo cha kumwagia maji taka, mbali na uzito wa choo, mabomba na matangi yenyewe.

Badala yake tunabeba choo cha mkononi chenye sehemu mbili. Ya juu ina kiti na maji safi. Ya chini ni kasha linalochukua lita 20 hivi na linafunguliwa kwa vibanio viwili. Mchana kinakaa chini ya kitanda, usiku tunakiweka nyuma ya pazia. Faida yake kubwa, ambayo sijaona ikitajwa, ni kwamba kikijaa unalibeba lile kasha peke yake hadi kituo cha kumwagia. Mwenye tangi la kujengwa, likijaa siku ya tatu wakati amepanga kukaa sita, hulazimika kufungasha kila kitu, kulifunga trela kwenye gari, kwenda kumwaga, kisha kurudi kulisawazisha upya.

Vyoo vya kambini navyo visidharauliwe. Hata pale ambapo hakuna maji ya bomba, Idara ya Misitu ya Marekani imesambaza vyoo vya shimo vya zege ambavyo vikijengwa sawasawa havinuki. Shimo lake ni tangi lisilovuja, na nyuma yake linapanda bomba nene jeusi hadi juu ya paa. Jua likilipiga, hewa iliyo ndani hupata joto na kupanda, nayo huvuta hewa ya shimoni, hivyo harufu hutokea juu badala ya kuingia chumbani. Wengi wetu tunaijua kanuni hiyo kutoka nyumbani, kwa sababu ndiyo ya choo cha shimo chenye bomba la hewa kilichobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, kwenye Maabara ya Utafiti ya Blair, ambacho baadaye kilienea vijijini Kenya na Tanzania.

Ninachokutahadharisha ni kutodhani kwamba kila kambi ina bafu. Great Smoky Mountains, hifadhi ya taifa inayopokea wageni wengi kuliko zote Marekani, ina vyoo vya kuvuta na maji baridi ya bomba kambini, lakini haina bafu hata moja katika kambi zake. Yosemite nako, mwenye kutaka kuoga hutoka kambini akaenda Curry Village, eneo la malazi ya wageni humo humo hifadhini. Katika maeneo ya kaskazini kuna suala la majira pia: baridi ikikaribia, mabomba ya majengo ya kuogea hufungwa yasipasuke kwa barafu, na mnaofika mwishoni mwa Oktoba mtakuta choo cha shimo tu. Sisi huoga kwa ndoo na kopo nyuma ya turubai, na hatujapata shida.

Muuguzi wa Houston (Texas)

Ndugu Mwanatanga, mimi nitasema zaidi juu ya mama, kwa sababu kazi yangu ni kuwahudumia wazee, na nahisi yeye ndiye aliyekufanya uulize.

Usikubali kununua mpaka mama mwenyewe ameingia kwenye kile kijichumba, akakaa, akainuka, akageuka. Vingi katika matrela madogo ni vyembamba kiasi kwamba mtu akikaa magoti yanakaribia mlango, na hakuna nafasi ya mtu wa pili kuingia kumshika mkono. Kwa mzee anayejiweza, wembamba huo una faida, kwa kuwa kuta ziko karibu na anapata pa kujishikilia pande zote. Kwa mzee anayehitaji kusaidiwa kuinuka, ni hatari. Upime pia urefu wa kiti kutoka sakafuni, kwa sababu baadhi ya vyoo vya matrela ni vifupi kuliko vya nyumbani, na magoti mabovu huteseka zaidi katika kuinuka kuliko katika kukaa. Kishikio cha chuma kinaweza kufungwa ukutani, lakini kifungwe kwenye mbao za fremu, kwa maana kuta zenyewe ni nyembamba na zitang'oka siku ile ile atakapokiegemea kwa uzito wote.

Kwa kuoga, jengo la kambi linaweza kumfaa mama kuliko bafu la ndani. Kutokana na Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, na sheria nyingine zinazohusu majengo ya serikali, majengo mengi ya kambi yana angalau sehemu moja pana yenye vishikio na benchi la kukalia, ambamo binti au mkwe anaweza kuingia pamoja naye. Katika kambi zenye viwanja vilivyotengwa kwa wasiojiweza, viwanja hivyo huwa karibu na jengo, na inafaa kuulizia wakati wa kuweka nafasi. Avae ndala zisizoteleza, kwa sababu ya sakafu yenye maji na kwa sababu ya fangasi za miguu.

Sasa kuchamba. Sisi nyumbani kwetu tumefunga kibomba kidogo cha mkono kwenye choo cha trela, kinachochukua maji kwenye bomba lile lile la kuvutia, na chenye koki yake ya kufunga kabisa tukimaliza, ili pampu isiachwe na mgandamizo kwenye mpira mwembamba. Kwa vyoo vya kambini kila mtu ana chupa yake laini ya kubana, inayoingia mfukoni. Kopo la kawaida halifai huko, maana hakuna pa kuliweka isipokuwa sakafuni.

Hata hivyo, pigeni hesabu ya tangi. Mko watano. Kila mmoja akienda mara tano kwa siku, na kila mara ikatumika lita moja ya kuvuta na kuchambia, hizo ni lita 25 kwa siku kabla ya kuhesabu uchafu wenyewe. Tangi la lita 45 halitamaliza siku mbili. Dada wa Columbus wako watatu na ndiyo maana wanafika mbali. Kwenu ninyi naona choo cha ndani kiwe cha mama saa zote, na cha wengine usiku tu. Mchana watoto na ninyi wakubwa mwende kambini. Mkishika mpango huo, safari ya siku nne hamtafungua valvu ya kumwagia tangi hadi siku ya kuondoka.

Na huu uogaji wa ndoo alioutaja kaka wa Colorado ni hazina tuliyonayo ambayo wenzetu wengi hapa hawanayo. Mtu aliyekulia kwenye ndoo na kopo anaoga akatakata kwa lita sita au saba. Ninachomwomba asifanye ni kuyaacha maji hayo ya sabuni yapotelee ardhini nyuma ya turubai, kwani katika hifadhi nyingi kumwaga maji ya kuogea au ya vyombo ardhini ni marufuku, na mabaki ya sabuni na chakula huwavuta wanyama. Mahali pazuri pa ndoo ni ndani ya kile kijichumba chenyewe: sakafu yake ni beseni, tundu lake linaelekea kwenye tangi, maji umeyachemsha jikoni, unaketi juu ya kiti cha choo kilichofunikwa na kujimwagia polepole. Kuta hazilowi hadi juu, na kazi ya kufuta inapungua zaidi ya nusu.

Fundi Matrela (Indiana)

Nafanya kazi ya mabomba katika karakana ya matrela karibu na Elkhart, mji ambako, pamoja na vitongoji vyake, ndiko sehemu kubwa ya matrela ya Marekani hutengenezwa. Nitajibu lile la maji ya kuchambia kwanza: hayana madhara. Yana manufaa.

Ugonjwa mkubwa wa tangi la choo ni ukavu. Watu wanaoogopa kulijaza huvuta kwa maji machache mno, karatasi na kinyesi hubaki chini ya tundu la choo, huinuka kuwa kichuguu, hukauka, na siku ya kumwaga hutoka maji peke yake. Kichuguu kinabaki. Taa za kipimo ukutani nazo husema tangi limejaa hata baada ya kumwaga, kwa sababu karatasi imenata kwenye vihisio vya ndani. Familia inayochamba kwa maji hutumia karatasi kidogo sana na huongeza maji kila mara, na matangi yao tunayafungua tukiyakuta safi kuliko mengine. Kama mtatumia karatasi ya kujikaushia, chagueni inayoyeyuka upesi. Kuijua ni rahisi: tia vipande viwili kwenye chupa yenye maji, funga, tikisa, na uangalie kama imesambaratika au bado ni vipande vizima.

Kila baada ya kumwaga, rudisha lita nane au kumi za maji kwenye tangi tupu kabla mtu hajaingia chooni. Valvu ya tangi la choo ikae imefungwa muda wote, hata mkiwa kwenye kiwanja chenye bomba la maji taka mlangoni. Wako wanaoiacha wazi wakidhani wanajipunguzia kazi. Maji hukimbia, mazito hubaki, na ndicho kile kichuguu tena. Ngoja tangi lifike thuluthi mbili, kisha vaa glavu, unganisha mpira wa maji taka wa inchi 3 na bomba la kutolea, fungua valvu ya tangi la choo kwanza hadi liishe, uifunge, ndipo ufungue ya tangi la maji ya kuogea, ambayo yataupitia mpira na kuuosha. Mpira wa maji taka usikutane na mpira wa maji ya kunywa katika sanduku moja, na ile koki ya kusuuzia iliyopo kwenye kituo cha kumwagia si ya kunywa wala ya kujaza tangi safi.

Harufu ikiingia ndani, kwanza tazama kama kuna maji kidogo kwenye bakuli la choo, kwa sababu hayo maji ndiyo yanayoziba mpira wa kifuniko cha chini. Halafu angalia feni ya dari. Ukikanyaga pedali huku feni inavuta hewa kwenda nje, feni hiyo itaipandisha hewa ya tangi kupitia tundu la choo na kuipitisha puani mwako kabla ya kuitoa. Zima feni, vuta maji, acha kifuniko kifunge, kisha uiwashe.

Dawa za tangi zenye formaldehaidi sizipendekezi. Zinaua bakteria, na kambi nyingi za mashambani humwaga kwenye mashimo ya maji taka yanayotegemea bakteria hao hao ili uchafu uoze. Maji mengi na dawa za vimeng'enya zinatosha.

Kwa ninyi wa Minnesota kuna la nyongeza: kabla ya barafu ya kwanza, mabomba yamwagwe maji yote, hita itolewe maji, na ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda ipitishwe kwenye pampu, koki, choo na lile tundu la bafu. Iwe ni ile ya matrela; ya injini ya gari ni sumu.

Mwanatanga (Minnesota)

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati, na maelezo haya nimemsomea mke wangu na mama.

Jana tulimpeleka mama akaingia, akakaa, akainuka mara kadhaa. Anaweza mwenyewe, akishika ukingo wa sinki kwa mkono wa kulia, na amesema kishikio akitaka kifungwe kushoto. Mke wangu amekubali trela lenye choo, kwa sharti kwamba kuoga kwa watoto kuwe kambini na kwamba kazi ya mpira wa inchi 3 ni yangu. Choo cha mkononi cha kaka wa Colorado tulikifikiria sana, hasa ile faida ya kutofungasha trela, lakini mama hatakuwa huru nyuma ya pazia wakati mkwewe na wajukuu wamelala hatua moja kutoka alipo, na hilo kwetu ni la msingi.

Yamebaki mawili. Huko Yellowstone tunafikiria kambi ya Madison, na nimesoma kwamba haina bafu, tutaogaje? Na trela lenyewe ni la zamani kidogo: nitajuaje kwamba choo chake ni kizima kabla sijalipa?

Mama wa Columbus (Ohio)

Ni kweli, Madison ina vyoo vya kuvuta lakini haina bafu. Ina kituo cha kumwagia maji taka, na hilo kwenu ni muhimu zaidi. Mabafu ya kulipia yako kwenye kambi nyingine za hifadhi hiyo: Canyon, Grant na Fishing Bridge. Kutoka Madison hadi Canyon, kwa kupitia Norris, ni maili 26, kama kilomita 42, na kwa kuwa siku moja mtakwenda kutazama maporomoko ya Canyon kwa vyovyote, bebeni taulo na nguo safi, muoge huko mkirudi. Siku nyingine mtumie ndoo kama alivyoeleza dada Muuguzi. Madison iko juu, zaidi ya mita 2,000, na usiku wa Julai huwa baridi kweli, kwa hiyo ogesheni watoto mchana.

Mpanda Milima (Colorado)

Hoja ya faragha ya mama naikubali, na nisingeibishia. Ushauri wangu wa mwisho ni kwamba mnunue tangi la plastiki lenye magurudumu, la kuvutwa kwa mkono. Mtamwaga humo uchafu kutoka kwenye valvu, mkalipeleka kituoni, na trela likabaki pale lilipo. Chagueni la lita 50 au zaidi, maana likiwa dogo kuliko tangi lenu la choo mtalazimika kuifunga valvu katikati ya kumwaga, na mahali hapo ndipo uchafu humwagika. Nashukuru pia kwa neno la maji ya sabuni; kwetu tunatumia beseni, na maji yake tunayapeleka kwenye sinki la maji machafu la kambi.

Fundi Matrela (Indiana)

Kuhusu ukaguzi, mwombe muuzaji alitie maji tangi safi na kuwasha pampu mbele yako. Asiyekubali kufanya hivyo, achana naye. Jaza bakuli la choo hadi nusu, weka alama kwa kipande cha utepe wa gundi, kisha kagua mengine kwa saa nzima. Maji yakishuka chini ya alama, mpira wa kifuniko umechoka, na kuubadilisha ni kazi ndogo ambayo unaweza kuitumia kupunguza bei. Pampu ikiwa inajiwasha kila baada ya dakika chache wakati koki zote zimefungwa, kuna mahali panavuja.

Kubwa kuliko yote ni sakafu. Vua viatu, simama karibu na kitako cha choo, ukandamize kwa kisigino pande zote, na kwenye kona za kile kijichumba pia. Ikibonyea au ikiwa laini, maji yameingia chini kwa muda mrefu na mbao zimeoza. Kuirekebisha kunadai kung'oa choo, sakafu, na pengine ukuta. Halafu lala chini ya trela na tochi, utazame tangi la choo lilivyoshikiliwa, kama mikanda yake ina kutu au kama kuna michirizi mikavu kwenye plastiki. Fungua na kufunga valvu zote mbili kwa mkono. Inayokwama au isiyofika mwisho itakumwagikia siku utakapofungua kofia ya bomba, kwa hiyo ibadilishwe kabla hamjaanza safari ya Itasca.